Pampu Iliyoota Miguu

Mwizi gani anayepaka grisi?

Inspekta alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha pampu cha bondeni, suruali imeshiba tope, na swali hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jina lake halisi walilijua wachache. Wengine wote, kuanzia kamanda mpaka wauza nyanya, walimwita Mbiombio, kwa kejeli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku stoo ya polisi iliposhika moto, alitoka akitembea, akageuka, akafunga mlango ili moshi usisumbue majirani.

Mbele yake palikuwa na msingi wa zege, mpana kama kitanda cha maharusi, na juu yake hapakuwa na kitu. Bomba la kunyonya lilitokea ukuta huu, bomba la kutoa likaingia ukuta ule, yakatazamana kama wakwe waliokosana. Pampu ya dizeli iliyokuwa katikati yake, nzito kama ng'ombe aliyelala, ilikuwa imeota miguu.

"Njoo uone, Sajini," alisema.

Sajini aliinama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko cha kutikisa mabati, na mfuko wa karanga ambao haukuisha wala hukumwona akiujaza. Bolti za msingi zilisimama zote mahali pake. Kila bolti ilikuwa na nati yake, imerudishwa kwa vidole, ikafutwa na kupakwa grisi mbichi.

"Mwizi mstaarabu, Afande. Labda alilelewa na bibi."

"Mwizi angezitupa. Au angezibeba, maana nazo ni chuma. Huyu amezirudisha zisipotee na amezipaka zisishike kutu. Kwa nini?"

Sajini alitafuna, akafikiri. "Kwa sababu kuna siku atazihitaji."

"Hapo hapo. Ishike hiyo, usiiangushe."

Kufuli la mlango lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Nje, kwenye tope, matairi mapana ya lori yalikuwa yamekuja kinyumenyume mpaka kizingitini na kuondoka yamezama zaidi kuliko yalivyokuja.

Sasa, msomaji wangu, ujue kwanza pampu ile ilikuwa nini kwa watu wa bondeni. Mwaka uliopita kimbunga kilipita pale. Kiling'oa mabomba ya maji safi kama mtu anayeng'oa mihogo, kikaziba mitaro, na bonde likawa beseni. Watu walikosa maji ya kunywa huku wamesimama kwenye maji mpaka kifuani. Ndipo Mfuko wa wafadhili ukatoa fedha: mabomba yarudishwe, mitaro ichimbwe upya, na vijengwe vituo vitatu vya kusukuma maji ya mvua, kila kituo na pampu yake. Wakubwa wa mji, Mungu awape umri mrefu waione aibu yao vizuri, walifurahi kuliko waliozama. Walikata utepe wa mradi. Walikata utepe wa ofisi ya mradi. Nasikia hata kapeti la ofisi lilikatiwa utepe. Katika hayo yote, kitu kimoja tu ndicho mtu wa bondeni aliweza kukigusa kwa mkono wake, nacho ni pampu hii ya kijani. Mvua ikija, ilinguruma, na watoto walilala pakavu.

Na leo mawingu yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria.

"Mlete mama," alisema Mbiombio.

Mwendesha pampu aliletwa na pingu mikononi. Alikuwa mama wa mapacha, na mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, mtu mfupi, mkavu, mwenye funguo shingoni kwenye kamba ya kiatu.

"Habari za asubuhi, mama."

"Habari gani na bangili hizi, Afande? Nimekuja mwenyewe kituoni kwenu kusema pampu imeibiwa, mkanifunga mimi. Ningesema nyumba inaungua mngenimwagia petroli?"

Sajini alicheka, akajifanya anakohoa.

"Agizo limetoka juu," alisema Mbiombio. "Tuyamalize haraka. Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Huu wangu, hata kuoga naoga nao. Wa pili uko ofisini kwa Mkurugenzi wa maji."

"Jana ulifunga mwenyewe?"

"Nilifunga, nikatikisa, nikarudi kutikisa tena. Ningemfungia hivyo baba Pacha, leo ningekuwa na mume."

"Naambiwa leo ulikuwa na ruhusa. Ulikuja kufanya nini?"

Mama Pacha alishusha sauti. "Hapo ndipo na mimi pananishangaza. Jana jioni Mkurugenzi kanijia mwenyewe. Eti, mama, umechoka, kesho pumzika. Mtu huyu tangu anijue hajawahi kuniuliza kama nimekula! Nikamshukuru, nikalala. Asubuhi natoka nje, naona mbingu imenuna. Nani atapumzika mbingu ikiwa hivyo? Nikaja. Nafungua mlango, nakuta ukumbi wa dansi."

"Ukafanyaje?"

"Nikakimbia polisi. Ulitaka nikimbilie kwa fundi cherehani?"

Mbiombio alimtazama mikono. Alikuwa na mazoea yake: hakusikiliza tu mtu anasema nini, alitazama mikono yake inasema nini. Mikono ya Mama Pacha, pingu na yote, ilikuwa inapangusa vumbi kwenye mdomo wa bomba.

Kabla hajauliza lingine, gari lilisimama nje, na Mkurugenzi akaingia. Alivaa buti za mpira mpya, zinang'aa, hazijawahi kukutana na tope isipokuwa kwenye picha.

"Inspekta! Bado unauliza maswali?"

"Ndiyo kazi niliyopewa, Mkubwa. Ningepewa ya kukata utepe ningekuja na mkasi."

Mkurugenzi hakucheka. "Kesi hii mtoto wa chekechea angeimaliza. Ufunguo anao, kufuli halikuvunjwa, na shemeji yake ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Unataka malaika ashuke akuambie? Wageni wa Mfuko wanafika muda si mrefu. Wataanzia kituo cha sokoni, halafu chakula, halafu walikuwa waje hapa, ndipo watoe fedha za awamu ya pili. Sasa nitawaonyesha nini hapa? Hewa? Nataka kabla hawajanawa mikono, mama huyu awe amefunguliwa mashtaka, niwaambie sheria imeshika mkondo wake."

"Na pampu?"

"Pampu imekwenda! Imeshauzwa kwa kilo! Wageni wataelewa. Watatupa nyingine."

Alisema hilo kwa upole wa mtu anayesimulia ndoto nzuri. Mbiombio alilisikia, akaliweka mfukoni mwa akili pamoja na grisi.

"Nisaidie kitu kimoja, Mkubwa. Hiyo iliyopotea ni kijani. Za vituo vingine?"

"Ya hospitali bluu, ya sokoni njano. Tulipanga sisi wenyewe, ili zisichanganywe."

"Zisichanganywe na nani? Pampu haitembei."

Mkurugenzi alitazama saa, akaondoka bila kujibu. Mlangoni alikanyaga tope, akarudi kulifuta buti kwenye gunia la Mama Pacha.

"Afande," alisema Mama Pacha, na sasa hakuwa na utani. "Nikiwekwa ndani, wanangu watakula kwa jirani, hilo naliweza. Lakini mvua hii ikinyesha na chumba hiki ni kitupu, nani atamjibu mtu wa bondeni?"

Mbiombio alifungua nati moja kwenye bolti, akaifunga kwenye leso, akasimama kwa hatua mbili kama ngamia.

* * *

Shemeji wa Mama Pacha aliitwa Kilo, kwa kuwa hakuna kitu alichokiona bila kukikadiria uzito. Uwanja wake ulijaa mabaki ya kimbunga: mabati yaliyokunjika, fremu za vitanda, friji zilizolala kifudifudi. Alipowaona polisi hakukimbia. Alimpima Mbiombio kwa jicho kuanzia kofia mpaka viatu.

"Karibu, Afande. Ukikubali kupanda kwenye mzani wangu, leo nafunga biashara mapema."

"Natafuta pampu ya bondeni, Kilo."

"Nimesikia. Tazameni, msiache kitu."

Walitazama. Sajini aliinua mabati, akafungua friji, akakuta kuku ameatamia. Nyuma ya kibanda, chini ya gunia, kulikuwa na kitu cha chuma cha kijani, na Mbiombio akasogea. Hakutaka iwe kweli. Alivuta gunia.

Ilikuwa mashine ya kukatia nyasi.

"Hiyo ya padri," alisema Kilo. "Kaniletea, kajuta, anakuja kuichukua. Afande, nikuulize kama mtu mzima. Hapa unaponiona, nalala bondeni. Kitanda changu nimekipandisha juu ya matofali, na matofali yenyewe nimeyapandisha juu ya matofali. Nikaivunje pampu inayonikausha? Ningekuwa nakata tawi nililolikalia, na msumeno nimeununua mwenyewe."

"Shemeji yako ana ufunguo."

"Shemeji yangu ana ulimi pia, umewahi kuusikia? Angenipa chuma cha serikali, kabla jua halijachwa angekuwa ameshanitangaza kwenye matangi yote ya maji." Kilo alijikuna kidevu. "Lakini chuma kilipita hapa. Alfajiri."

"Chuma gani?"

"Sijui, kilifunikwa turubali. Lakini mimi lori lenye mzigo wa chuma nalijua kwa springi zake, zinalia kama mtu anayeumwa jino. Nilitoka mbio, nikidhani kuna bahati imekuja. Ndala moja ikakatikia njiani, nikaendelea na nyingine. Nikapiga kelele, bosi, bosi, nanunua! Hawakusimama."

"Lori la nani?"

"La idara ya maji. Lile lenye winchi, mlango wa dereva umefungwa kwa kamba."

"Likielekea wapi?"

"Sokoni."

Mbiombio na Sajini walitazamana. Sajini aliacha kutafuna, jambo lililotokea mara chache kuliko kupatwa kwa jua.

"Piga simu hospitali," alisema Mbiombio. "Mwambie mlinzi wao aende kwenye chumba cha pampu, aangalie kilichomo, akupigie."

Hapo hapo simu yake yeye ikalia. Aliitazama, akavua kofia kabla ya kupokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa mama mkwe wake, aliyeishi bondeni na kukataa katakata kuhama. "Hiyo pampu mmeipata?"

"Bado, mama. Tunaifuatilia."

"Unaifuatilia kwa mwendo ule wako?"

"Mama..."

"Nakuheshimu, mwanangu, wewe ni mkwe wangu mwema. Nakuambia tu kwamba huku tone la kwanza limeshadondoka. Nguo zangu nimefunga kwenye shuka. Maji yakivuka kizingiti nahamia kwako, na safari hii nakuja na bata wangu."

Simu ikakatwa. Sajini aliapa baadaye, mbele ya kikosi kizima, kwamba kwa macho yake mawili alimwona Inspekta Mbiombio akitembea haraka.

* * *

Kituo cha sokoni kilipambwa kama bi harusi. Viti vya plastiki vilipangwa kwenye kivuli cha turubali, spika ziliunguruma, na wageni wa Mfuko walikaa mstari wa mbele wakijipepea. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na viatu vya kutembelea, aliyeitwa Mjumbe. Mkurugenzi alisimama mbele ya pampu ya njano, inang'aa kama ndizi, akiihutubia kana kwamba ndiyo iliyompigia kura.

"...na kimbunga kikirudi," alikuwa akisema, "kitatukuta tumesimama imara!"

Makofi yalipigwa. Mbiombio alipita pembeni akihema, akafika kwenye pampu, akaiegemea apumzike.

"Usiegemee!" Sauti ilitoka kwa mwanaume mwembamba mwenye ovaroli, aliyesimama nyuma na tambara mkononi. Huyu alikuwa fundi wa idara, aliyeitwa Spana.

Alichelewa. Mbiombio alipojitoa, bega lake la koti lilikuwa njano.

"Mbichi," alisema Mbiombio.

"Tumeipendezesha kidogo kwa ajili ya wageni," alisema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti, akacheka peke yake. "Inspekta, nashukuru kwa kuja kutupa taarifa. Bila shaka mshukiwa ameshakiri?"

"Bado kidogo, Mkubwa. Samahani kwa kuingilia. Nina swali moja la fundi."

Alifungua leso, akatoa nati ya bondeni, akaiweka juu ya ukingo wa msingi wa zege, kando ya bolti. Alianza kujipangusa bega, polepole, kama mtu asiye na haraka na dunia hii.

Spana aliitazama nati. Akatazama pembeni. Akaitazama tena. Ilikuwa imelala karibu na ukingo, na upepo wa mvua ulikuwa unavuma. Mtu ambaye maisha yake yote amezirudisha nati kwenye bolti zake hawezi kuvumilia kuiona moja imelala ovyo, ni kama mama kumwona mtoto kando ya kisima. Mkono wake ulitoka wenyewe. Aliiokota, akaifuta kwa tambara, akachovya kidole kwenye kopo la grisi lililokuwa mfukoni mwake, akaipaka, akaizungusha kwenye bolti kwa vidole mpaka ikakaa.

Kisha akainua uso, akakuta Mbiombio anamtabasamia.

"Unazipaka grisi zote hivyo, fundi?"

"Zote. Zisishike kutu."

"Hata za bondeni leo alfajiri?"

Wageni waliacha kujipepea. Hata spika ziliacha kuunguruma.

"Afande," alisema Spana taratibu, "mimi nimeambiwa kuhamisha. Neno kuiba usiliweke mdomoni mwangu. Mtu haibi kitu anachokirudisha baada ya chakula."

"Baada ya chakula?"

"Wewe Spana!" alifoka Mkurugenzi.

"Bosi, mimi nilikuambia rangi haitakauka." Spana alikuwa ameshafunguka kama bomba lililokatika. "Ndiyo, Afande. Wageni wakishaiona hapa, wanakwenda kula. Chakula kimepangwa kiwe kirefu, na baada yake hotuba, na katibu kaambiwa asome polepole. Sisi tunaipakia, tunaipeleka bondeni, tunaipiga kijani, wanaikuta huko. Ya hospitali tulifanya vile vile, siku ile ilikuwa bluu."

Simu ya Sajini ililia. Alisikiliza, akajibu "Ahaa" mara kadhaa, na kila "Ahaa" ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia.

"Afande, mlinzi wa hospitali anasema ameingia chumba cha pampu. Ameona msingi, ameona bolti zimepakwa grisi vizuri, na kwenye msingi wauguzi wameanika nguo."

Sajini alichomoa funguo zake. Alikwaruza ubavu wa pampu, mahali pasipoonekana kwenye picha. Njano ilibanduka, chini yake kijani, chini ya kijani bluu. Mjumbe wa Mfuko alikuwa ameshasimama. Alisogea, akavua miwani, akainama mpaka pua karibu iguse rangi, akavaa miwani tena.

"Nimepiga picha na pampu hii," alisema. "Mara mbili. Mara ya kwanza nilisema inanikumbusha bahari."

"Mheshimiwa Mjumbe, naomba nieleze," alisema Mkurugenzi, jasho likimtiririka mpaka kwenye buti. "Huu ni uhamisho wa muda, wa kiutendaji. Taratibu za manunuzi ni ndefu, kimbunga kilituchanganya..."

"Mkubwa," Mbiombio alimkatiza kwa heshima, maana mtu anayezama hupewa kamba taratibu ili ajifunge mwenyewe. "Mimi sina elimu ya manunuzi. Nina kesi moja ya pampu iliyoibiwa na mama mmoja ana pingu. Nisaidie nifunge jalada langu. Hii hapa ndiyo pampu ya bondeni?"

"Ndi... inaweza kusemwa hivyo."

"Basi chagua. Kama imeibiwa, wewe ndiye uliyekutwa umesimama nayo, tena kwa kipaza sauti. Kama haikuibiwa, hakuna mwizi, na mama yule amefungwa bure kwa maneno yako. Imeibiwa au haikuibiwa?"

Mkurugenzi alitazama wageni. Alitazama watu wa soko, ambao walikuwa wameacha nyanya zao na kuja kusimama nyuma ya viti. Mwanamke mmoja alipaza sauti: "Jibu, mheshimiwa, umetusimamisha!"

"Haikuibiwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata spika hazikuinasa.

"Sajini, andika. Na upige simu, Mama Pacha afunguliwe sasa hivi, siyo baadaye. Mkubwa, wewe tutakwenda wote kituoni, utatueleza pampu nyingine mbili zilinunuliwa nchi gani na zinafika kwa miguu au kwa punda."

Soko lililipuka kwa kicheko. Na kama vile mbingu nayo ilikuwa ikisubiri jibu, mvua ikaanza. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika kama mtu aliyepindua ndoo. Wageni walikimbilia ndani ya chumba cha pampu, na wote wakajikuta wamejibana kuzunguka kitu cha njano, wakiondoka na rangi yake mabegani.

Spana alifungua bomba la nyuma, akachungulia. "Hapa haifanyi kazi, Afande. Bomba la hapa linaishia ukutani. Tulijenga la kuonekana tu."

"Sasa tunafuata utaratibu," alisema Sajini. Alikuwa mtu wa kanuni, hata karanga alizila kwa mpangilio. "Pampu ni kielelezo cha kesi. Kielelezo kinapelekwa kituo cha polisi, kinafungwa lakiri, kinakaa stoo mpaka hakimu aseme."

"Mpaka hakimu aseme," alirudia Mbiombio. Alizijua kesi za namna ile. Kuna baiskeli iliingia stoo ikiwa kielelezo, ikatoka mwenyewe ameshakuwa babu. Alisikiliza mvua ikipiga bati. Alimfikiria mama mkwe wake, na bata.

"Kanuni inasema stoo ya polisi?" aliuliza.

"Inasema mahali salama, chini ya mtu atakayewajibika."

"Basi. Wewe unajua mahali salama kuliko penye mtu anayefunga, anatikisa, akarudi kutikisa tena? Spana, leta winchi."

Mjumbe wa Mfuko alikuwa ameshavuta kofia ya mvua kichwani. "Na mimi nakuja. Nimelishwa na nimehutubiwa mji mzima, sijawahi kuona pampu ikisukuma maji." Alimgeukia Mkurugenzi. "Fedha za awamu ya pili zitakaa kwetu. Siku nikirudi mtaziweka pampu zote tatu chumba kimoja, kwa wakati mmoja, na mimi nitakuja na njaa."

* * *

Lori lenye mlango wa kamba lilishuka bondeni kwa mwendo wa msiba, springi zikilia, watu wakilifuata kwenye mvua kama harusi. Mkurugenzi alikalishwa mbele, katikati ya Mbiombio na dereva, magoti kidevuni. Maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Beseni moja lilipita likielea, na ndani yake paka, amekaa kama abiria aliyelipa nauli.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mikono huru, kanga kichwani. Alipoiona pampu ikiteremshwa alishika kiuno.

"Nani kaifanyia hivi? Mbona imekuwa kama ugonjwa wa ini?"

"Mama, kwanza pole," alisema Mbiombio, akavua kofia, na maji yaliyokuwa ukingoni yakamwagikia uso. "Serikali imekukosea. Pili, nakukabidhi kielelezo cha kesi. Ni mali ya mahakama, usikiache peke yake, usimpe mtu ufunguo hata akikuambia umechoka."

"Kielelezo kinaruhusiwa kuwashwa?"

Inspekta alimtazama Sajini. Sajini alitazama mvua, akatia karanga mdomoni, akasema kanuni haikutaja.

"Basi nyie wote nipisheni! Spana, kaza hizo nati, leo usizipake manukato. Wewe baba wa buti mpya, usisimame kama nguzo, shika hili bomba. Shika! Kwa mikono miwili!"

Na Mkurugenzi wa maji, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo hicho, akashika bomba la maji. Spana alikaza. Mama Pacha alifungua mafuta, akaikanda mashine kidogo ubavuni, akavuta. Ilikohoa. Akavuta tena, akaitukana kwa upendo. Ikakohoa moshi mweusi uliowapaka wote nyuso, Mjumbe akiwemo, kisha ikashika, ikanguruma, sakafu ikatetemeka, na bomba mikononi mwa Mkurugenzi likaruka kama nyoka aliyekanyagwa.

Nje, watu walitazama maji kwenye uchochoro. Kwa muda yalisimama, kana kwamba yanajadiliana. Halafu yakaanza kurudi nyuma kuelekea mtaroni, kidogo kidogo, yakiacha mstari wa tope ukutani. Ilipigwa kelele moja tu, ndefu, iliyoanzia mlango wa kwanza ikapokewa mpaka wa mwisho.

Sajini aliinamisha mgongo kukinga karatasi zake na mvua. Alilazimika kupiga kelele ili asikike.

"Afande! Wanauliza hapa, hali ya kielelezo wakati wa kukabidhiwa! Niandikeje?"

Mbiombio alijifuta masizi usoni, akayasambaza zaidi.

"Andika kiko kazini."